Ramani, mwongozo, na hiyo "skeli kubwa" mnayoisema

Kundi letu la WhatsApp la kutembea milimani limeanza kupanga safari ya Usambara, na mpaka sasa nimeshatumiwa "ramani" sita. Moja ni picha ya bango la getini, imepigwa jioni, nusu yake ni kivuli cha mpigaji. Nyingine ni tangazo la kampuni ya utalii, lina mahema ya rangi na jua linalocheka. Ya mwisho ililetwa juzi na mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana, kwa maneno haya: "Hii ndiyo nzuri, ina skeli kubwa, inaonyesha Tanga yote mpaka Arusha."

Nilinyamaza siku mbili. Leo nimeshindwa.

Ramani ni mchoro wa sehemu ya ardhi kama inavyoonekana kutoka juu, uliopunguzwa kwa kipimo kinachojulikana. Kitabu cha mwongozo ni maelezo ya mtu aliyepita njia hiyo kabla yako: alilala wapi, maji aliyapata wapi, alichoka wapi. Mtu anayekwenda mlimani anahitaji vyote viwili, na kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake. Hayo yanatosha kwa maana. Kilichonileta hapa ni kingine.

Kwanza nikiri jambo litakalowafurahisha wale ninaotaka kuwasahihisha: neno ramani lenyewe halikuanza likiwa na maana ya mchoro. Ukilifuata nyuma unafika Uajemi. Rah ni njia, nama ni waraka au kitabu. Likiunganishwa linakuwa kitabu cha njia. Mabaharia Waarabu wakalichukua, wakalilainisha mdomoni likawa rahmani, na kwao rahmani lilikuwa daftari la nahodha. Humo aliandikiwa aelekeze chombo kwenye mawio ya nyota gani akitoka bandari fulani, nyota ya kaskazini iwe juu ya upeo kwa vidole vingapi atakapokaribia kufika, miamba iko wapi, na safari ianze lini ili pepo zisimgeuke. (Msimu nao ni neno la hao hao, kutoka mawsim, wakati wa pepo.) Kwa sehemu kubwa yalikuwa maneno. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo, aliandika elimu hii katika karne ya 15, na sehemu kubwa aliiweka katika mashairi ili baharia aihifadhi kichwani hata daftari likilowa. Pwani yetu aliijua mpaka Sofala, Msumbiji ya leo. Ndiye yule ambaye hadithi humsingizia kuwa alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, hadithi ambayo wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali, lakini bado inasimuliwa kwa sababu ni tamu.

Kwa hiyo ramani ya kwanza, ile iliyotupa neno, ilikuwa kile tunachokiita leo kitabu cha mwongozo. Mahali fulani kati ya majahazi na madarasa jina lilihama kutoka kwenye maneno likatua kwenye mchoro. Maneno ya baharini yana tabia hiyo. Rubani naye alikuwa mtu wa chombo cha majini, leo ukimtaja rubani kila mtu anatazama angani. Sina ugomvi na neno kuhama. Ugomvi wangu ni kwamba lilipohama lilipata sharti jipya, nalo ni kipimo, na watu wanalitumia kana kwamba sharti hilo halipo. Fundi anayesema "ramani ya nyumba" namkubali kabisa, maana ramani yake ina kipimo na akikosea sentimita moja ukuta utamuumbua. Jua linalocheka halina kipimo.

Sasa skeli. Neno tumelitoa kwenye Kiingereza, na huko lilitoka Kilatini, scala, yaani ngazi. Wengine husema kipimio, ni sawa. Skeli ni uwiano: 1:50,000 maana yake kila sentimita moja ya karatasi ni sentimita 50,000 za ardhi, yaani mita 500. Sentimita mbili, kilomita moja. Mpaka hapo hakuna anayebisha. Tatizo linaanza mtu anapoona namba 1,000,000 upande mmoja na 50,000 upande wa pili, akahitimisha kwamba milioni ndiyo skeli kubwa. Anasahau kuwa hizo ni sehemu ya kitu kizima. Nusu chapati ni kubwa kuliko robo chapati, ingawa nne ni kubwa kuliko mbili, na hakuna mtoto mezani anayekosea hesabu hiyo. Moja ya elfu hamsini ni kubwa mara ishirini kuliko moja ya milioni. Kwa hiyo ramani ya skeli kubwa ni ile inayoichora ardhi kwa ukubwa, na kwa kuwa karatasi haipanuki, ardhi inayoingia humo ni ndogo. Ni kama picha ya pasipoti na picha ya darasa zima. Ile ya pasipoti uso ni mkubwa, lakini mtu ni mmoja. Ile ya darasa wamo wote, na kila uso ni punje ya maharage.

Ramani ya mzee wetu, ile ya Tanga mpaka Arusha, ni ya milioni moja. Ina skeli ndogo. Kutoka Lushoto mpaka Mtae kwa mstari ulionyooka ni kilomita 30 na ushei, na watu wengi hutembea njia hiyo kwa siku kadhaa, kwa sababu Usambara haina mstari ulionyooka. Kwenye karatasi ile safari yote ni sentimita tatu na kidogo: msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi na mabonde yote yaliyo katikati, vyote vinafunikwa na kidole gumba. Kwenye 1:50,000 safari hiyo hiyo inachukua zaidi ya sentimita 60, na hapo ndipo unaanza kuona kijito, kanisa, na mahali ambapo njia inazunguka kilima badala ya kukipanda. Hizo za 1:50,000 ndizo za Idara ya Upimaji na Ramani, na Kenya wanazo zao. Uingereza watembeaji wamezoea 1:25,000, ambayo ni kubwa zaidi, inaonyesha hadi ukuta wa shamba. Huku kwetu 1:50,000 inatosha ukijua kuisoma.

Kuisoma maana yake kusoma kontua, mistari inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. Mistari ikibanana, kuna mteremko mkali, ikiachana, utapumua. Chunguza pia kama ni futi au mita, kwa sababu baadhi ya karatasi za zamani ni za futi. Na kumbuka kuwa kontua zikipishana kwa mita 20, jabali la mita 15 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila kuonekana.

Ukosefu wa kontua ndio unaonifanya niikatae michoro ya makampuni. Chukua Kilimanjaro, njia ya Machame. Mchoro wa kawaida unaonyesha hema la kambi ya Shira, kisha kamstari kazuri kenye nukta, kisha hema la Barranco. Kambi ya kwanza iko kwenye mita 3,850 hivi, ya pili 3,950 hivi. Mgeni anaangalia anasema, kumbe siku hiyo ni ya kupumzika, tunapanda mita mia tu. Kumbe katikati lipo jabali la Lava Tower, mita 4,600 hivi. Unapanda zaidi ya mita 700, kichwa kinagonga, halafu unashuka karibu zote. Ramani yenye kontua ingemwambia hayo akiwa amekaa sebuleni na chai yake.

Angeweza hata kupiga hesabu ya muda. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo watembeaji wanaitumia mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita tano, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa siku ile ya Barranco, kama ni kilomita kumi hivi, kanuni itakupa saa tatu na robo. Watu wengi hutumia sita au saba. Kanuni haikukosea hesabu, ila milima ya Uskoti haifiki hata mita 1,400, na hewa ya mita 4,600 Naismith hakuiweka humo. Pengo hilo analijaza mtu aliyepita. Hapo ndipo kitabu cha mwongozo kinapostahili bei yake.

Ila kitabu nacho kina umri. Ramani ya mwaka 1965 bado itakuonyesha bonde lilipo, maana bonde halihami. Kitabu kikizeeka kinakupeleka kwenye nyumba ya wageni iliyogeuka duka la mbolea. Na mlimani kuna mambo mazito kuliko nyumba za wageni. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach, Kilimanjaro, wapandaji watatu wakafa, na njia ikafungwa kwa muda. Kitabu kilichochapwa mwaka mmoja kabla hakikuwa na neno juu ya hilo. Hata ramani haiponi kabisa, kwa sababu zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo Kilimanjaro mwaka 1912 imekwisha, na karatasi za zamani zinaonyesha weupe mahali ambapo leo utakanyaga kokoto. Kwa hiyo kabla hujatoa hela tazama mwaka wa kuchapwa, na kwenye kitabu tazama pia saa zilizotajwa ni za mwendo wa nani. Wako waandishi ambao nadhani walikuwa wanakimbia.

Anayesema picha inatosha nampa kisa cha Nanyuki. Mwaka 1943 Felice Benuzzi na wenzake wawili, wafungwa wa vita wa Kiitaliano, walitoroka kambini, na shabaha yao ilikuwa kuupanda Mlima Kenya tu. Ramani hawakuwa nayo. Mojawapo ya vitu walivyotegemea ilikuwa picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la nyama, na picha hiyo ilionyesha upande mwingine wa mlima, si ule waliokuwa wakiujia. Batian, kilele cha juu kabisa, iliwashinda. Wawili walifika Lenana, kilele kingine cha mlima huo, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini wenyewe. Nawavulia kofia. Lakini angalia kosa la picha lilivyo: picha hupigwa mahali fulani, nawe usiposimama hapo haikusaidii. Ramani haina upande wa kusimama, unaigeuza tu ilingane na dira.

Kuna wanaosema simu imemaliza yote haya. Simu naipenda, na vijia vingi vya Kilimanjaro vimo kwenye data huria za OpenStreetMap. Lakini baridi hula betri, na kuikuza ramani kwa vidole viwili hakuongezi kitu ambacho mchoraji hakukiweka. Tena iko hila moja ambayo imewapoteza watu makini. Karatasi nyingi za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa upimaji (yaani mahali namba za ramani zinapoanzia kuhesabiwa) uitwao Arc 1960, na simu inatumia msingi mwingine, WGS84. Ukichukua namba za mahali ulipo kutoka kwenye simu ukaziweka moja kwa moja kwenye karatasi, utajikuta takriban mita 300 mbali na ulipo. Kwenye 1:50,000 ni milimita sita. Mchana, barabarani, hutaona tofauti. Kwenye ukungu wa Magamba, milimita sita zinatosha kukuweka bonde lisilo lako. Msingi huo huandikwa pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma.

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Mzee, shikamoo. Ulichotuletea ni ramani kweli, pengine ndiyo pekee kati ya zile sita, maana ina kipimo. Ila skeli yake ni ndogo, si kubwa, na naomba tuiseme hivyo kundini ili vijana wasije wakaenda dukani kuulizia kinyume. Itatufaa sana ndani ya basi mpaka Mombo. Kuanzia Lushoto nitabeba ile ya 1:50,000, na wewe utabeba kitabu, kwa sababu unasoma kwa sauti nzuri. Na lile jua linalocheka tuliache kwenye tangazo lake.