Je, wajua kwa nini mkulima mgeni hukosa mbolea ya ruzuku?

Mtu aliyekodi ekari tatu za mpunga Usangu, wilayani Mbarali, hulima udongo uleule na jirani yake mzawa na kutumia maji ya mfereji uleule. Ila siku ya kuweka mbolea ya kukuzia, jirani anakwenda kwa wakala, anataja namba yake ya usajili na kubeba Urea kwa bei ya ruzuku. Mgeni analipa bei ya soko. Kwa nini?

Shida iko kwenye daftari la wakulima. Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nanenane 2022 ilishusha mfuko wa Urea wa kilo 50 kutoka zaidi ya Sh120,000 hadi Sh70,000. Kuipata, unajiandikisha ofisi ya kijiji: jina, simu, zao, ukubwa wa shamba. Ukubwa huo ndio unaoamua utapata mifuko mingapi.

Sasa mchukue mtu wa Makete anayeshuka Usangu mvua zikikaribia. Kwao ameandikwa kwa nusu ekari ya viazi. Huku uandikishaji umeshampita, na mwenyekiti wa kitongoji atamthibitishaje mtu aliyepanga chumba juzi? Mkataba wake wa kukodi ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, saini mbili na jina la shahidi. Shamba lenyewe huenda limeandikwa tayari kwa jina la mwenye shamba, anayeishi mjini. Inabaki kumbembeleza huyo atoe namba yake, na hisani ya namna hiyo haikawii kuingizwa kwenye kodi ya msimu ujao.

Ugani, yaani mafunzo na ushauri wa kilimo, nao ni vilevile, na hapa ndipo panaponiudhi zaidi. Shamba darasa la kilimo shadidi (miche michanga, mmojammoja, kwa nafasi) huita wanachama wa skimu ya umwagiliaji. Mpangaji si mwanachama. Basi anayefundishwa kupanda ni mwenye shamba, na anayeinama topeni ni mwingine.

Tena Usangu, palipolimwa na wageni tangu zamani! Mpunga wa umwagiliaji kule ulianzishwa na walowezi wa Kibaluchi, wenye asili ya Asia, kabla ya uhuru. Wasukuma wakaja baadaye na ng'ombe na plau zao.

Sidhani kama panahitajika sheria mpya. Daftari lifunguliwe tena miche inapotoka kitaluni, mtendaji aigonge muhuri ile karatasi ya shule, na shamba liandikwe kwa jina la anayelilima msimu huo.