Prize: skuna ya mizigo iliyogeuzwa mtego

Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, nyambizi ya Kijerumani haikubeba topido nyingi, na hakuna nahodha aliyetaka kuipoteza moja kwa chombo cha matanga cha tani 200. Ilikuwa rahisi zaidi kuibuka na kukimaliza kwa mzinga. Waingereza walijenga mtego wao juu ya hesabu hiyo: chombo kinachoonekana cha mizigo tu, kumbe kimeficha mizinga.

Skuna yenyewe, chombo cha matanga cha milingoti mitatu, iliundwa Uholanzi mwaka 1901. Ikiitwa Else, ilipakia mizigo chini ya bendera ya Ujerumani hadi ilipotekwa Agosti 4, 1914, siku Uingereza ilipoingia vitani. Baadaye ikaitwa Prize, ikafungwa injini ndogo ya dizeli na mizinga miwili ya ratili 12 (uzito wa kombora lake). Wa mbele ulifichwa ndani ya kibanda cha uongo ambacho kuta zake huanguka, na wa nyuma chini ya sitaha, tayari kuinuliwa.

Aprili 30, 1917, kusini-magharibi mwa Ireland, nyambizi U-93 ilianza kuipiga. Nahodha wa Prize, William Sanders, mtu wa New Zealand, akageuza omo (sehemu ya mbele) kuelekea upepo, na watu sita wakashuka mashuani kama wanaokimbia. Waliobaki wakalala kifudifudi. Kazi ngumu ilikuwa hapo: kuvumilia makombora kwa dakika ishirini hivi bila mtu kuinua kichwa, kwa sababu ukifyatua mapema nyambizi inazamia na mchezo umekwisha. Injini ikaharibika, maji yakaanza kuingia. U-93 ilipofika yadi 80 hivi, upande wa kushoto wa tezi (sehemu ya nyuma) ya Prize, bendera ya kivita ikapandishwa kwanza (sheria ilitaka hivyo), kisha mizinga ikanguruma.

Kamanda wa U-93, von Spiegel, na wenzake wawili waliokotwa majini. Waingereza waliamini nyambizi imezama. Nao walikuwa na shida yao: moto, matobo ya kuziba, injini imeharibika, maili 120 kutoka nchi kavu. Wakasogea polepole, hadi karibu na pwani wakapata chombo cha kuwavuta.

Sanders alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Lakini U-93 haikuzama. Iliyumbayumba juu ya maji hadi kisiwa cha Sylt, Ujerumani, chini ya ofisa wake Ziegner, na habari za skuna yenye mizinga zikafika nyumbani. Kuirudisha Prize baharini kwa kazi ileile, kwa maoni yangu, kulikuwa kutumia chambo ambacho samaki keshakitema.

Agosti 13, kaskazini-magharibi mwa Ireland, Prize ilikutana na nyambizi ya Kijerumani UB-48, chini ya kamanda Steinbauer, ikafyatua, ikashindwa kuizamisha. Nyambizi ikazamia, ikaifuatilia, na usiku wa kuamkia tarehe 14 ikatumia topido mbili. Ya kwanza ilikosa, ya pili ikapata. Watu wote 27 walikufa, Sanders akiwemo. Nyambizi ya Kiingereza D6, iliyokuwa ikiandamana na Prize chini ya maji, iliibuka asubuhi isione hata ubao.