Usihangaike na nondo anayeruka, tafuta mfuko

Wiki iliyopita mama mmoja wa Majengo, hapa Moshi, aliniita akiwa amechoka kabisa. Amepuliza dawa jikoni mara tatu, na kila jioni nondo wamerudi kuzunguka taa. Nikampa shikamoo, tukaanza kutoa vitu kabatini kimoja kimoja.

Nondo mmoja alikuwa ametulia ukutani. Hafiki sentimita moja. Mbawa zake upande wa kichwani ni kijivu cheupe, na kuanzia hapo kwenda nyuma zina wekundu wa shaba. Huyo ni Plodia interpunctella, nondo wa vyakula vikavu. Akishaota mbawa hali tena chakula: hupandana, hutaga, hufa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 200 hadi 400. Mlaji ni kiwavi wake, na kiwavi haruki, kwa hiyo tulitafuta utando anaousuka ndani ya chakula.

Sembe safi. Mchele safi. Nyuma ya ndoo kulikuwa na mfuko wa karanga za unga wa lishe wa mjukuu, zimesahaulika tangu ziliponunuliwa sokoni Mbuyuni. Niliinua karanga moja, nyingine sita zikaja nayo zikining'inia, zimeshonwa kwa nyuzi nyeupe zilizonasa chembechembe za kinyesi. Dawa ilikuwa inaua wanaoruka, mfuko unazalisha wengine. Kwenye joto la nyuzi 30, yai huwa nondo kwa kama mwezi mmoja tu; baridi ya Julai huwachelewesha.

Ukiona matundu ya mviringo kwenye punje za mahindi na nondo wa rangi ya majani makavu, huyo ni mwingine, Sitotroga cerealella, ambaye mara nyingi huanzia shambani. Vumbi jingi la unga chini ya gunia ni kazi ya dumuzi, mdudu mdogo mgumu anayetoboa nafaka, na huyo si nondo.

Mama alitaka kuzipeta karanga aokoe nzuri. Nilimkatalia. Karanga zilizotobolewa hushika ukungu upesi, ukungu huleta sumukuvu, na unga ule ni wa mtoto. Tulizifukia. Kisha tukafuta pembe zote za kabati na mikunjo ya vifuniko, maana viwavi hujificha humo. Vyakula vingine vikavu vilivyokuwa karibu vilale friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja, halafu viingie kwenye chombo kigumu chenye kifuniko cha kukaza. Mfuko wa nailoni viwavi huutoboa.

Nakusihi, vidonge vya kufukizia ghala usiviingize ndani ya nyumba, hata kimoja. Gesi yake, fosfini, inaua watu usingizini.

Mama bado ataona nondo mmoja mmoja kwa wiki kadhaa, wale waliokwishapanda darini kujifunga kwenye vifuko vyao. Nimemwomba awahesabu kila jioni. Wakipungua, tumemaliza, wasipopungua, kuna mfuko mwingine hatujauona.