Kikombe unakiogopa, majibu ya mwenzio unayakisia

Kuna watu mgeni akishaondoka kikombe chake kinaoshwa mara tatu na maji ya moto, eti "yule ana ngoma", halafu huyo huyo anayesugua kikombe hajui hali ya mtu anayelala naye kila siku. Jamani, mate hayaambukizi VVU. Sahani, taulo, choo, kukumbatiana, kukohoa, vyote hivyo hapana. Kinachoambukiza ni damu, shahawa na yale majimaji yanayotangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama, basi.

Halafu mbu, hii haifi kabisa. "Si kanyonya damu ya fulani akaja kwangu?" Mbu akikung'ata anakuachia mate yake, sio damu ya aliyemng'ata kabla yako, na virusi vikifika tumboni mwake vinasagwa kama chakula. Malaria ni kesi nyingine coz vimelea vyake vinazaliana ndani ya mbu mpaka vinahamia kwenye mate.

Inayoniudhi zaidi ni hii ya "mwenzangu kapima hana, kwa hiyo na mimi sina". Hapana, majibu yake ni yake. Sio kila tendo linaambukiza, kwa hiyo mmoja anaweza kuwa navyo miaka na mwenzake hana. Na ukifanya jana ukapima leo hujajua chochote kuhusu jana, vile vipimo vya haraka vinaweza kuchukua mpaka siku 90 kuonyesha. Ya jana unakimbilia PEP, zile dawa za kuzuia VVU baada ya kujiweka hatarini, ndani ya masaa 72 na ukiwahi ndio bora, unameza siku 28 bila kuruka.

Sasa aliye kwenye ARV, dawa za kufubaza VVU, na anameza vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo, huyo hakuambukizi kwa ngono. Sio kwamba tunampa moyo tu, utafiti wa PARTNER uliotoka 2016 ulihesabu ngono kama 58,000 bila kondomu kati ya wapenzi ambao mmoja anavyo na yuko kwenye dawa, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake.

Kunyonyesha ndio sio sawa kabisa na hapo, dawa za mama zinashusha hatari sana ila haijafika sifuri, ndio maana mtoto naye anapewa dawa na anapimwa tena akishaacha ziwa.