Ireland haizungukwi kwa siku tatu: dhana potofu kuhusu likizo ya mashambani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapangia safari za Ireland wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wanaishi Uingereza na Ujerumani na wengine wakitoka Nairobi na Dar es Salaam kuwatembelea jamaa zao. Karibu kila mazungumzo huanza kwa sentensi ileile: nchi yenyewe ni ndogo, tutatua Dublin Ijumaa, tutazunguka yote, na Jumatatu tutakuwa tumerudi. Mwezi uliopita nimeisikia mara tatu katika wiki moja, na ndiyo maana naandika.

Ni kweli kwamba eneo la Jamhuri ya Ireland ni takriban kilomita za mraba 70,000, na Kenya peke yake inaizidi zaidi ya mara 8. Hata hivyo, urefu wa safari hauamuliwi na ukubwa wa nchi bali na barabara unayopita, na barabara za Ireland zina tabaka ambazo mgeni haoneshwi na ramani. Zile zenye herufi M ni za mwendo wa kasi, na kwa kiasi kikubwa zinaiunganisha Dublin na miji mikubwa; ukitoka Dublin hadi Galway, zaidi ya kilomita 200, utafika kwa saa mbili na nusu bila taabu. Zinafuata zenye herufi N, kisha R, na mwishoni L, na hizi mbili za mwisho ndizo zinazokufikisha kwenye kila kitu ulichokijia: ufuo, ziwa, kaburi la kale, kijiji chenye muziki. Barabara ya L mara nyingi ina upana wa gari moja, kuta za mawe au vichaka pande zote mbili, na majani yaliyoota katikati ya lami. Ukikutana na trekta, mmoja wenu atarudi nyuma hadi palipo na nafasi ya kupishana. Tangu tarehe 7 Februari 2025 kikomo cha mwendo katika barabara hizo kimeshushwa kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 60, uamuzi ambao kwa maoni yangu ulichelewa, kwa kuwa hata hiyo 60 ni mwendo wa hatari katika kona nyingi ninazozijua.

Sasa chukua njia ya pwani ya magharibi, Wild Atlantic Way, iliyozinduliwa mwaka 2014. Inaanzia rasi ya Inishowen, Donegal, na kuishia Kinsale katika kaunti ya Cork, na urefu wake ni kama kilomita 2,500, yaani zaidi ya mara tano ya safari ya Nairobi hadi Mombasa, tena kwa barabara za aina niliyoieleza. Mtu anayeniambia ataimaliza kwa wikendi hajui anachokisema, na ni wajibu wangu kumweleza hivyo kabla hajalipia gari. Familia moja niliyoihudumia ilikataa ushauri huo. Walikuwa watu watano, wawili wao watoto, na orodha yao ilikuwa na majabali ya Moher, mzunguko wa Ring of Kerry wenye kilomita 179, kisiwa cha Skellig Michael na kaburi la Newgrange, vyote kwa siku tatu. Waliporudi walikuwa na picha za maegesho ya magari. Kisiwani hawakufika kabisa, kwa sababu mashua za kutua Skellig Michael huenda kati ya Mei na Septemba tu, idadi ya wageni kwa siku ina kikomo, tiketi huisha mapema sana, na bahari ikichafuka safari hufutwa asubuhi ileile. Kuingia ndani ya Newgrange nako kunahitaji kupangiwa zamu kupitia kituo cha wageni cha Brú na Bóinne. Kaburi hilo lilijengwa yapata mwaka 3200 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi kubwa ya Giza, na chumba chake ni chembamba mno kupokea kila anayefika.

Ushauri wangu, ambao sitauacha, ni huu: chagua kijiji kimoja, lala hapo usiku nne au tano, na usiende mbali kuliko mwendo wa saa moja. Mimi huwapeleka wateja wangu kaskazini mwa kaunti ya Clare, Ballyvaughan au Doolin, kwa sababu ya Burren. Hili ni eneo la mawe ya chokaa yaliyolazwa wazi kama sakafu iliyopasuka, na mgeni akilitazama kupitia dirisha la basi husema ni jangwa, kisha hupita. Ashuke, apige magoti. Ndani ya mipasuko ile huota maua ya milima mirefu ya Ulaya pamoja na mimea ya pwani ya Mediterania, bega kwa bega, na zaidi ya asilimia 70 ya aina za mimea ya asili ya Ireland hupatikana hapo. Mwezi wa Mei ndipo linapochanua ua dogo la buluu linaloitwa gentiana, na kwa ajili ya ua hilo peke yake ningeahirisha safari kutoka Aprili.

Wasomaji waliokulia katika jamii za wafugaji watashangazwa zaidi na ng'ombe. Katika milima mingi ya Ulaya mifugo hupandishwa juu wakati wa kiangazi na kushushwa majira ya baridi. Burren hufanya kinyume, hupandisha ng'ombe vilimani majira ya vuli, kwa kuwa jiwe la chokaa huhifadhi joto la kiangazi na ardhi ya juu haigeuki tope. Ng'ombe hao hula majani makavu yaliyobaki, na masika yanapofika maua hupata mwanga. Mkulima akiacha kupandisha ng'ombe, vichaka hufunika maua katika miaka michache. Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Poulnabrone, kaburi la mawe makubwa ambamo wachimbaji walikuta mabaki ya watu zaidi ya 30, na ni mwendo mfupi vilevile hadi bandari ya Doolin, panapotoka feri ya kwenda Inis Oírr, kisiwa kidogo kuliko vingine vya Aran, ambacho unakizunguka kwa baiskeli kwa nusu siku na kuiona meli ya Plassey iliyokwama ufukweni tangu mwaka 1960. Hizo ni siku tatu zilizojaa, na gari lenyewe halijatembea kilomita 100.

Dhana nyingine nazijibu kwa ufupi. Wapo wanaosema kwamba Ireland hunyesha kutwa kucha, hivyo hakuna cha kufanya nje. Dublin hupata takriban milimita 750 za mvua kwa mwaka, chini ya Dar es Salaam. Magharibi hunyesha zaidi, na katika siku kama 225 za mwaka, lakini mara nyingi ni manyunyu yanayopita, na siku moja inaweza kuleta jua na mvua mara nne. Nunua koti lisilopitisha maji na viatu vya kufunika kifundo cha mguu. Mwavuli uache nyumbani, upepo wa Atlantiki utauvunja. Jambo linalostahili kuwashughulisha watu wa Afrika Mashariki, waliozoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima, ni mwanga: mwezi Juni jua la magharibi huzama saa nne usiku, na mwezi Desemba huzama saa kumi na dakika chache alasiri. Likizo ya mashambani mwezi Desemba ni likizo ya nusu siku.

Majabali ya Moher, yenye mita 214, si marefu kuliko yote nchini. Slieve League huko Donegal hufikia takriban mita 600, na wageni huko ni wachache. Popote utakapokwenda, baki upande wa ndani wa uzio, kwa kuwa ukingo unaoonekana imara kwa juu unaweza kuwa umeliwa kwa chini.

Halafu kuna imani kwamba shamba lisilo na mtu ni la kila mtu kupita. Tofauti na Scotland, Ireland haina haki ya jumla ya kutembea katika ardhi ya watu binafsi. Unapita pale ambapo njia imewekewa alama au mwenye shamba ameruhusu. Geti ulilolikuta limefungwa unalifunga, na mbwa humpeleki kwenye kondoo. Hifadhi za taifa, kuanzia Killarney iliyoanzishwa mwaka 1932, zina njia nyingi na hazitozi kiingilio.

Wateja Waislamu huniambia kwamba jioni za vijijini si zao, kwa kuwa muziki huchezwa baa. Baa ya kijijini huuza chai na chakula, na watoto walio na wazazi wao huruhusiwa hadi saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Wapigaji huketi mezani na fidla, filimbi na bodhrán, ngoma ya ngozi ya mbuzi, na msikilizaji mwenye kikombe cha chai hatazamwi vibaya. Nyama halali ni adimu vijijini, basi kula samaki na kome, ambao pwani hiyo inao kwa wingi.

La mwisho linahusu viza, na ndilo linalowagharimu watu fedha. Ireland imo katika Umoja wa Ulaya lakini haimo katika Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo viza ya Schengen haikuingizi, na Mkenya, Mtanzania au Mganda mwenye viza ya Uingereza bado anahitaji ya Ireland. Anayetaka kuvuka kaskazini kuona nguzo za mawe za Giant's Causeway anaingia Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza, hata kama hakuna askari barabarani, na sheria inamtaka awe na ruhusa ya nchi hiyo pia. Kama viza ya Ireland uliyopewa ni ya kuingia mara moja tu, ukivuka mpaka huo huna tena ruhusa ya kurudi kusini, na ndege yako ya kurudi nyumbani inaondokea Dublin.