Je, wajua? Maandishi ya fulana yako huenda ni plastiki ileile ya bomba la maji

Chukua fulana yoyote ya kampeni, ya msiba au ya mbio za hisani, upitishe kidole juu ya maandishi. Ukihisi utando laini wa mpira uliokaa juu ya kitambaa, wenye kung'aa kidogo, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba unagusa PVC, plastiki inayotengenezewa mabomba ya maji, mazulia ya plastiki na mabango makubwa ya barabarani. Kidole kisipohisi kitu zaidi ya uzi, wino umezama ndani ya pamba, na huo ni wa jamii nyingine kabisa.

Bomba ni gumu, lakini maandishi ya fulana yanakunjika bila kuvunjika. Kinachotofautisha ni kilainishi. Mwaka 1926 mkemia Waldo Semon wa kampuni ya B.F. Goodrich huko Marekani aligundua kwamba PVC ikichanganywa na vimiminika fulani vizito na kupashwa moto hutoka laini na yenye kuvutika. Wino uitwao plastisoli unafuata kanuni hiyo: chembe ndogo za PVC zinaelea ndani ya kilainishi pamoja na unga wa rangi. Hauna maji wala thinna, kwa hiyo hakuna cha kukauka. Mchapaji anaweza kuuacha kwenye skrini, yaani fremu ya wavu anayochapia, Ijumaa jioni akaukuta Jumatatu vilevile. Joto likifika nyuzijoto 160 hivi, zile chembe zinanyonya kilainishi kama mchele unavyonyonya maji, zinavimba, zinashikana, na kubaki tabaka moja lililong'ang'ania kitambaa.

Kwa urahisi wa kazi, plastisoli haina mpinzani, na anayesema vinginevyo hajawahi kuchapa fulana mia tatu nyeusi kwa usiku mmoja. Kwa nini basi kuna watu wanaukimbia?

Kwanza niondoe hofu: PVC iliyokwisha kuiva haimdhuru mtu kwa sababu tu ameivaa. Malalamiko yanahusu kinachotokea kabla ya kuvaa na baada ya kutupa, pamoja na vile vilainishi. Kwa miaka mingi vilainishi vilivyotumika zaidi vilikuwa vya jamii ya fthaleti, hasa ile inayofupishwa DEHP. Fthaleti hazijafungwa kikemia na plastiki, zimejichomeka tu katikati yake, hivyo hutoka kidogokidogo kwa msuguano, kwa mafuta, na kwa mate ya mtoto anayetafuna fulana yake. Baadhi yake huvuruga homoni na kudhuru mfumo wa uzazi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2008 iliweka kikomo cha asilimia 0.1 kwa DEHP na wenzake DBP na BBP katika vitu vya kuchezea na vya kulelea watoto. Umoja wa Ulaya, kuanzia Julai 2020, uliweka kikomo hichohicho kwa jumla ya fthaleti nne katika bidhaa nyingi zenye plastiki iliyolainishwa, na michoro iliyochapwa imetajwa humo.

Kuhusu kabla ya kuvaa: PVC hutengenezwa kwa gesi ya vinili kloridi, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mwaka 1974 ilijulikana kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha PVC cha Goodrich huko Louisville, Kentucky, walikuwa wamepata aina adimu sana ya saratani ya ini kwa sababu ya gesi hiyo.

Na baada ya kutupa? Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC ni klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ile inayowasha pua na macho, na moto usio mkali wa jalalani huzalisha pia dioksini, sumu zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti sumu zinazodumu muda mrefu. Jambo hili linatugusa sisi zaidi kuliko Mzungu aliyeinunua fulana hiyo mara ya kwanza. Fulana inavaliwa huko, inaletwa huku kama mtumba, inageuka kitambaa cha deki, na siku ya mwisho inachomwa nyuma ya nyumba pamoja na majani ya mwembe.

Sasa, tahadhari. Makopo mengi ya plastisoli siku hizi yameandikwa kwamba hayana fthaleti, na mara nyingi ni kweli, kwani watengenezaji wamehamia vilainishi vingine. Lakini wino usio na fthaleti bado unaweza kuwa PVC. Mteja akikuagiza wino usio na PVC, kopo hilo halijamjibu. Jani la kijani lililochorwa kwenye kifuniko nalo halijibu lolote.

Wino usio na PVC ni jina la jumla la familia kadhaa, na ya kukufaa utaipata kwa maswali mawili: unachapa juu ya kitambaa gani, na una moto gani.

Kwa pamba nyeupe au ya rangi hafifu jibu ni rahisi. Wino wa maji, yaani unga wa rangi, gundi ya akriliki na maji, unaingia kwenye uzi, unaacha fulana ikipumua, na hautabanduka kama ngozi ya nyoka baada ya kufuliwa mara kumi. Ugumu unaanza kwenye kitambaa cheusi. Wino wa kawaida wa maji unapitisha mwanga. Njano juu ya nyeusi inapotea. Kuna wino wa maji mzito, wenye akriliki na rangi nyeupe nyingi, unaofunika vizuri zaidi, ila nao unaanza kuhisika kwa mkono na unaziba skrini upesi. Kuna pia wino wa kung'oa rangi: unachanganywa na kemikali inayofuta rangi ya kitambaa na kuiweka ya kwako mahali pake. Matokeo yake yanapendeza kuliko yote, naamini hivyo, lakini unafanya kazi kwenye pamba iliyotiwa rangi za aina fulani tu, na unapoiva unatoa harufu kali pamoja na formaldehaidi, ambayo nayo iko kundi la kwanza la IARC. Kuuivisha ndani ya chumba kisicho na feni ya kutolea hewa ili tu useme umeepuka PVC ni kujidanganya.

Jezi ni habari nyingine. Poliesta hutiwa rangi ambazo zikipata joto kali hugeuka mvuke na kupanda juu. Namba nyeupe kwenye jezi nyekundu inatoka mashineni ikiwa nyeupe, na kesho yake ni ya waridi. Hapa unahitaji wino unaoiva kwa joto la chini. Silikoni inasifika kwa hilo: inaiva chini ya joto la plastisoli, inavutika pamoja na jezi bila kupasuka, na haina PVC. Inauzwa kwa sehemu mbili zinazochanganywa kabla ya kazi, na kichocheo chake huharibiwa na vitu kama salfa, kwa hiyo vyombo vyake visiguse vya wino mwingine. Bei yake ni ya juu. Wino wa poliurethani uko katikati kwa bei na kwa tabia.

Wachapaji wa Tanzania waliokutana na mifuko mbadala baada ya katazo la mifuko ya plastiki la Juni 2019 wanalijua tatizo la joto vizuri. Mingi ya mifuko hiyo ni ya polipropilini, ambayo inayeyuka kwenye nyuzijoto 160 na kitu, karibu kabisa na joto la kuivishia plastisoli. Ukiuivisha wino unauyeyusha mfuko.

Hilo linatuleta kwenye moto wako, na hapa ndipo kazi nyingi za wino wa maji zinapoharibikia. Maji ya kwenye wino hayapiti nyuzijoto 100 mpaka yaishe kuvukiza. Fulana ikiingia kwenye tanuri ikiwa mbichi, sehemu kubwa ya muda inaishia kwenye kufukuza maji, na akriliki inaanza kuiva mwishoni tu. Plastisoli huridhika na dakika moja au moja na nusu. Wino wa maji mara nyingi hutaka dakika 2 hadi 3 kwenye nyuzijoto 150 hadi 160, tena penye hewa inayozunguka ili mvuke upate pa kwenda. Kwa mashine ya kubana kwa joto, ishikilie kwanza juu ya fulana bila kugusa hadi mvuke uishe, ndipo ubane.

Jua la mchana halitoshi. Linakausha, haliivishi. Fulana iliyoanikwa kwenye kamba inaonekana imekamilika, unaikunja, unaikabidhi, na katika kufuliwa mara ya pili maandishi yanabaki kwenye beseni. Usiye na tanuri una njia moja ya heshima: nunua wino ambao mtengenezaji wake anauza kiungo cha kukomaza, kinachochanganywa kwa asilimia chache na kuufanya wino ukomae kwa joto dogo au kwa kukaa siku kadhaa. Vaa glavu, maana baadhi ya viungo hivyo huwasha ngozi na mapafu, na uchanganye kiasi cha kazi ya siku hiyo, kwa sababu kesho utakuwa umeganda koponi. Kisha kata kipande cha majaribio ukifue kwa maji ya moto na sabuni ya unga mara tano kabla ya kuchapa oda nzima.

Skrini nayo lazima ibadilike. Dawa ya mwanga, ile inayopakwa kwenye wavu na kugandishwa kwa mwanga ili kutengeneza mchoro, inayovumilia plastisoli na petroli ya kusafishia si lazima ivumilie maji. Ukichapa fulana ya arobaini unaona vitobo vinafunguka pembeni mwa herufi. Omba dawa inayostahimili maji, na baada ya kuosha mchoro na kukausha, iweke skrini juani kwa mara ya pili ikomae zaidi. Wakati wa kuchapa, rudisha wino ufunike mchoro kila baada ya fulana, weka chupa ya kunyunyizia maji karibu, na usiache skrini ukapokee simu. Dodoma au Nairobi kwenye hewa kavu utalipia kosa hilo haraka kuliko Mombasa, ambako unyevunyevu unakupa dakika kadhaa za msamaha, kisha unazidai upya fulana zinapogoma kukauka.

Utajuaje kwamba ulichonunua hakina PVC kweli? Mwombe muuzaji karatasi ya usalama wa kemikali na utafute namba 9002-86-2, ambayo ni ya PVC. DEHP ni 117-81-7. Usipoiona ya PVC usishangilie bado, kwa sababu plastiki zilizokamilika mara nyingi hazilazimiki kuorodheshwa humo kama kitu cha hatari. Taka tamko la maandishi kutoka kwa mtengenezaji. Oda za nguo za pamba hai zenye cheti cha GOTS, kiwango cha kimataifa cha nguo za nyuzi hai, zinarahisisha jambo hili, maana kiwango hicho kinakataza PVC na wino unaokubalika hupewa barua ya idhini.

Kuna pia jaribio la zamani la waya wa shaba, lililobuniwa na mkemia Friedrich Beilstein mnamo 1872. Pasha ncha ya waya kwenye moto wa gesi mpaka mwali usiwe na rangi ya kijani, igusishe wino ulioiva, uirudishe motoni. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini au ndugu zake. Fanya nje, kwa punje ndogo tu, na utumie wino mweupe. Rangi ya kijani ya kawaida ya viwandani imejaa klorini yenyewe, na za njano nyingi zinayo, kwa hiyo zitakuonyesha mwali wa kijani hata kama kopo halina PVC hata chembe.

Karakana inayohama kutoka plastisoli kwenda wino usio na PVC hukwama kwenye vyombo. Kijiko kilichochota plastisoli jana, mpira wa kusukumia wino ambao haukuoshwa vizuri, ubao wenye mabaki, vyote vinatosha kuacha PVC kwenye nguo ya mteja atakayeipeleka maabara. Tenga seti mbili na uziwekee alama. Wino wa maji uliobaki urudishe koponi kwa kukwangua, kisha ndipo uoshe, kwani rangi na akriliki hazina kazi kwenye mtaro unaoelekea mtoni. Na yale makopo ya plastisoli yaliyobaki stoo yamalizie kwenye kazi za wateja ambao hawajali, ukiwaambia wazi ni wino gani. Usiyachome.