Moshi umeisha, lakini jiko bado linaua

Kuanzia Juni hadi Agosti, huku kwetu Kayole, Nairobi, jioni huwa na utaratibu wake. Jiko linawashwa nje, linapepewa, moshi unaondoka, makaa yanakolea mekundu. Hapo ndipo linaingizwa ndani, mlango unafungwa na nguo inasukumwa chini ya mlango ili baridi isipenye. Ukiuliza, utaambiwa, "Si moshi umeisha?"

Hii ndiyo dhana inayonitia hofu kuliko zote. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kuishika himoglobini, ile inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, ila damu haina nafasi ya kubeba kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji.

Wengine hujipa moyo kwamba hewa ikipungua watashtuka usingizini. Hawatashtuka. Kinachotufanya tuhisi tunabanwa pumzi ni hasa kaboni dayoksaidi kurundikana mwilini, na aliyelala karibu na jiko anaendelea kuitoa kila anapopumua. Oksijeni yenyewe ikipungua, mwili karibu haupigi kelele.

Jirani yangu aliamka Jumapili moja akitapika, kichwa kinampasuka, mtoto amelegea begani. Alidhani ni malaria. Tulipoingia kwake, jiko lilikuwa chini ya meza na juu yake sufuria ya maji, kwa sababu aliambiwa maji hunyonya sumu. Hayanyonyi. Gesi hii haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kumwokoa mtu. Maziwa nayo hayaitoi kwenye damu, na kumnywesha mtu aliyezimia ni kumpalia. Mtoe nje kwenye hewa safi haraka, mpeleke hospitali awekewe oksijeni, na useme wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Usiache kusema hilo, kwa maana kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu yenye oksijeni na iliyojaa kaboni monoksaidi. Kinaweza kusoma 98 mgonjwa akiwa hatarini.

Dhana nyingine hupenda kuletwa na wageni kutoka Mombasa wakipanda ngazi za ghorofa: eti hewa ya Nairobi ina asilimia ndogo ya oksijeni. Asilimia ni ileile, karibu 21, pwani na huku. Kilichopungua ni presha ya hewa. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hapa hewa inatukandamiza kwa kama asilimia 80 tu ya presha ya Mombasa, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kidogo. Hata githeri inalijua hilo: maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, nayo mahindi yanachelewa kuiva. Mgeni atahema siku chache, kisha mwili utaongeza chembe nyekundu za damu. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaomshika mtu akipanda juu sana, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Kilele cha Lenana, kule Mlima Kenya, ni mita 4,985, na huko hata mkimbiaji hodari anaweza kuugua. Akianza kuyumba na kuongea ovyo, dawa ni kumshusha, hata kama mwenyewe anasisitiza yuko sawa.

Presha ya damu ni kitu kingine, si hiyo ya hewa. Nayo mara nyingi hupanda bila dalili yoyote, kwa hiyo usisubiri kichwa kiume ndipo ukapimwe.

Tuje kwa watoto. Saa saba mchana, jua kali, na kwenye matatu kuna mtoto wa miezi minne mwenye kofia ya marvin, sweta mbili na shali nzito, shingo imelowa jasho. Mama anaogopa nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, bakteria na virusi, na chanjo dhidi ya mojawapo ya bakteria hao wakuu imekuwa ikitolewa Kenya tangu 2011. Sweta ya tatu haiwazuii, na mtoto mwenye homa akifunikwa hivyo joto lake linazidi kupanda. Kinachoniuma zaidi ni kwamba moshi wa ndani ya nyumba huongeza hatari ya nimonia kwa watoto, na jiko lile liliingizwa ili kumkinga.

Ukishuku mtoto ana nimonia, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mpeleke kliniki siku hiyohiyo. Na kama nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kukuche.